Mwalimu wa Nini?

Mwambie Mswahili kwamba fulani ni mwalimu, papo hapo atakuuliza: wa nini? Wa Hisabati, wa Historia, wa Kiingereza. Hiyo "wa" ni ndogo lakini ina mambo. Katika "mtoto wa Juma" tunajua nani mwenye mtoto. Kwa hesabu hiyohiyo, mwalimu wa Hisabati ni mali ya Hisabati.

Nimeigundua nguvu yake nikiandika kwa Kiswahili majina ya walimu na masomo yao katika shule moja ya Washington, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni M Street High School, sekondari ya umma ya vijana weusi, iliyoanza mwaka 1870 katika chumba cha chini cha kanisa na mwaka 1916 ikahamia jengo jipya lenye jina la mshairi Dunbar. Vyuo vikuu vya wazungu havikutaka wahadhiri weusi, kwa hiyo sekondari hii ilijaa wasomi ambao kwingine wangeitwa maprofesa. Carter G. Woodson alikuwa na uzamivu wa Harvard tangu mwaka 1912, naye akifundisha watoto wa sekondari lugha na Historia. Jessie Fauset, mhitimu wa Cornell, alikuwa wa Kifaransa na Kilatini. Anna Julia Cooper, aliyezaliwa utumwani North Carolina mwaka 1858, alianza na Hisabati na sayansi, baadaye akawa wa Kilatini.

Lugha hazisumbui: unapachika ki- na safari inaendelea, ingawa waliokulia kwenye Biblia watataka Kigiriki kiitwe Kiyunani. Kalamu yangu ilikwama kwenye somo la useremala, uhunzi na ushonaji. Niite "kazi za mikono"? Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona mafagio ya chelewa na vikapu vya kupeleka shuleni Ijumaa. "Stadi za kazi" inanukia wizara. Mimi nachagua "ufundi", maana fundi kwetu ni mtu anayejua, na hata neno mwanafunzi limetoka kwenye kufunza, ndugu wa fundi.

Walimu wa M Street wenyewe hawakuwa na nafasi ya kuchagua kwa utulivu namna hii. Hoja ya Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, kwamba mtu mweusi aanze na kazi ya mikono, ilikuwa imewakolea wazungu wenye mamlaka na wenye fedha. Mwaka 1902 ikafunguliwa jijini Washington shule ya ufundi ya Armstrong, na mwaka huohuo Cooper akawa mkuu wa M Street. Alishikilia Kilatini, na wanafunzi wake wakapokelewa Harvard, Brown na Oberlin. Mwaka 1906 akaondolewa ukuu baada ya mvutano mkali. Sioni kama kosa lilikuwa Kilatini chenyewe. Kilichoudhi ni nani aliyekuwa akikisoma.

Neno istilahi limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa suluhu na maslahi. Ni jina ambalo watu wamepatana juu yake. Pale M Street hapakuwa na mapatano: wengine waliita ufundi mlango wa riziki, wengine uzio. Na uzio huo ulisafiri. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki ikisifu mfano wa vyuo vya Hampton na Tuskegee, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikaanzishwa Kabete, Kenya, kwa mfano huo. Sehemu ya harufu mbaya ya "kazi za mikono" kwenye pua zetu imetoka huko.

Kiswahili kina somo mbili. Somo langu ni kile ninachojifunza. Somo yangu ni msiri wangu, au mtu tuliyeitwa jina moja, na pwani ni mwanamke anayemfunda mwari. Kwa Cooper nashindwa kuzitenganisha. Alirudi M Street mwaka 1910 akafundisha Kilatini, mwaka 1925 akapata uzamivu wa Sorbonne kwa utafiti kuhusu Ufaransa na utumwa, akiwa na miaka zaidi ya 60. Kisha akarejea Dunbar kusahihisha madaftari ya Kilatini hadi alipostaafu mwaka 1930.