Kumsubiri Mgeni Stegini

Safari nyingi za anga tunazosoma zilikuwa safari zenye ratiba. Mwaka 1986 chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita kama kilomita 600 kutoka kwa kometi ya Halley, na hakuna aliyebahatisha. Halley hurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Wahandisi walijua nani anakuja, lini, na atapitia wapi, ndipo wakajenga.

Tarehe 19 Oktoba 2017 mambo yakageuka. Darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii iliona kitu kilichotoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, cha kwanza kuwahi kutambuliwa. Kikapewa jina la Kihawaii, ʻOumuamua, mjumbe atokaye mbali. Shida ni kwamba kilikuwa kimeshalipita Jua, kiko njiani kuondoka. Baada ya Januari 2018 hakikuonekana tena. Mpaka leo watu wanabishana kilikuwa na umbo gani, kwa sababu picha tulizobaki nazo ni nukta tu.

Wazo la kwanza likawa kukimbiza. Kundi la Project Lyra lilipiga hesabu: pitia Jupita, shuka karibu na Jua, washa injini pale kasi inapokuwa kubwa zaidi. Kwenye karatasi inawezekana. Lakini mgeni anaondoka kwa kilomita 26 kwa sekunde, na Voyager 1, iliyoruka 1977, inaenda kama 17. Hebu fikiria kukimbilia matatu iliyokwisha toka stegi, nawe uko kwa miguu.

Juni 2019 Shirika la Anga la Ulaya likachagua wazo lingine: kungoja. Comet Interceptor, inayoandaliwa pamoja na Japani, itakaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani mpaka darubini zitangaze mgeni anayefikika, kisha iende, ijigawe vyombo vitatu na kumtazama kutoka pande tofauti. Yaani imepangwa bila kujua inaenda kwa nani. Mimi niliyeacha chuo kabla ya digrii nimeulizwa sana, "Sasa unaelekea wapi?" Kuomba pesa ukiwa na jibu la "nitajua huko mbele" si mchezo.

Lakini miezi miwili tu baadaye, Gennadiy Borisov wa Crimea aliona mgeni wa pili kwa darubini aliyoijenga mwenyewe. Julai 2025 wa tatu, 3I/ATLAS, akaonekana kutoka Chile, akija kwa kilomita 58 kwa sekunde: Nairobi hadi Thika na zaidi, kabla hujamaliza kupiga chafya. Vyombo vinavyoizunguka Mars vikageuza kamera na kumpiga picha. Havikutumwa kwa kazi hiyo, vilikuwepo tu.

Comet Interceptor inatarajiwa kuruka karibu 2029. Mafuta yake ni kidogo, na yaelekea itaishia kumpokea kometi wa hapa hapa kwetu, kutoka pembezoni mwa mfumo wa jua. Bado naona ni pesa halali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji lazima awe nyumbani.