Susu la Mifuko ya Zipu: Kutoka Mfereji wa Houston hadi Makabati ya Dallas

Kitundikio cha mifuko ya zipu ni reli za plastiki ngumu zinazofungwa chini ya rafu ya jokofu au ya kabati, zikiachana kwa mwanya mwembamba. Mfuko ukishafungwa, mdomo wake hupitishwa kwenye mwanya huo na kusukumwa ndani. Unene wa zipu hukwama juu ya reli, na mfuko hubaki ukining'inia pamoja na kilichomo, uwe na mchicha, jibini au nyama iliyokatwakatwa. Mifuko kumi hujipanga hivyo kama mashati kabatini, kila mmoja ukionekana bila kufukuliwa. Ipo aina nyingine, ya kulabu, inayoning'inia mlangoni mwa kabati na kushika maboksi ya mifuko mitupu kwa ukubwa wake: ya sandwichi, ya robo galoni na ya galoni nzima, ambayo ni karibu lita 3.8.

Kiswahili kina jina la zamani kwa chombo cha jamaa hiyo: susu. Katika nyumba za pwani, susu ni wavu wa kamba au ukili unaoning'inizwa darini, nao hubeba chungu, bakuli au kitoweo kilichobaki, mbali na paka, panya na siafu. Susu la Texas, yaani kitundikio hiki cha mifuko ya zipu, halina ugomvi na panya. Lilizaliwa na shida nyingine kabisa, wingi wa mifuko yenyewe, na ni vigumu kuieleza historia yake bila kueleza kwanza wingi huo ulitoka wapi.

Siri ya chombo iko kwenye mdomo wa mfuko. Zipu ya plastiki haina meno kama ya suruali. Upande mmoja una ufito mwembamba, upande wa pili una mfuo, na kidole kikipita juu yake ufito huzama kwenye mfuo na kushikwa. Ndiyo sehemu nene na imara kuliko zote katika mfuko, na ndiyo maana mfuko unaweza kutundikwa kwa mdomo bila kutobolewa tundu. Uzito unapovuta chini, kuta zote mbili huvutwa sawasawa, hivyo zipu haifunguki. Kinachoshindwa mapema ni ukuta wenyewe, hasa wa mifuko myembamba isiyotengenezwa kwa friza: ukijazwa mchuzi hunyooka taratibu mpaka uguse rafu ya chini.

Mbinu hiyo ilibuniwa na Mdenmark, Borge Madsen, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Haki zake zilinunuliwa na ukoo wa Ausnit, Waromania waliohamia Marekani, ambao walianzisha kampuni ya Flexigrip na baadaye Minigrip. Tatizo lao lilikuwa gharama. Zipu ilitengenezwa peke yake, kisha ikabandikwa kwenye mfuko kwa joto, kazi ya polepole iliyofaa mikoba ya kalamu na nyaraka kuliko mkate wa mtoto wa shule. Ufumbuzi ulitoka Japani, ambako kampuni ya Seisan Nihon Sha ilipata njia ya kutoa mfuko na zipu yake kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye mashine. Mwaka 1968 kampuni ya kemikali ya Dow iliingiza sokoni mfuko wa jikoni kwa jina la Ziploc. Tangu hapo mfuko wa zipu ukaacha kuwa kifaa cha ofisi.

Dow ni kampuni ya Michigan, lakini tangu 1940 ilikuwa imepiga kambi Freeport, kwenye pwani ya Texas kusini mwa Houston, ambako ilianza kwa kukamua magnesiamu kutoka maji ya bahari kwa ajili ya ndege za vita. Ukanda huo wa pwani ndio uliogeuza plastiki kuwa kitu cha kutupwa. Houston haikujaliwa bandari ya asili yenye kina. Mji ulichimba yake, mfereji wa takribani kilomita 80 kuelekea Ghuba ya Meksiko, na tarehe 10 Novemba 1914 Rais Woodrow Wilson alibonyeza kitufe akiwa Washington, mzinga ukalia kando ya maji ya Houston kutangaza kwamba mfereji umefunguliwa. Pamba ndiyo iliyotarajiwa kupita hapo. Mafuta yakaipiku.

Mfuko laini wa zipu hutengenezwa kwa polithini, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1933 huko Winnington, Uingereza, pale Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuta nta nyeupe ndani ya mtambo wao wa mgandamizo. Malighafi yake ni ethilini, na ethilini ya Texas hupatikana kwa kupasua ethani, gesi inayotoka ardhini pamoja na gesi asilia. Zamani ethani nyingi ilichomwa tu kama taka. Mashariki mwa Houston, huko Mont Belvieu, kuna kuba la chumvi chini ya ardhi, na mapango yaliyochimbwa ndani yake huhifadhi gesi hizo kwa wingi. Mabomba huzipeleka kwenye viwanda vya Baytown, Pasadena na kwingineko kandokando ya mfereji.

Plastiki ngumu ina simulizi yake. Mwaka 1951, J. Paul Hogan na Robert Banks, wanakemia wa kampuni ya mafuta ya Phillips huko Oklahoma, walipata polipropilini ya fuwele, na kichocheo chao kikatoa pia polithini ngumu. Phillips ilijenga kiwanda Pasadena, ikakuta soko halijui la kufanya na bidhaa hiyo, mpaka pete za kuchezesha kiunoni zilipoingia mitaani mwaka 1958 na kumaliza shehena iliyokuwa imelala maghalani. Kwa kifupi, polithini laini ikawa mfuko, na polipropilini ikawa, pamoja na mambo mengine mengi, reli ya kuutundikia. Gharama ya kazi hiyo haikuwa ya fedha pekee. Tarehe 23 Oktoba 1989 gesi ilivuja katika kiwanda hicho cha Pasadena, mlipuko ukafuata, na wafanyakazi 23 wakafa.

Kabla maduka hayajaanza kuuza vitundikio vya mifuko, Houston ilikuwa imekwisha kushughulika na kimoja cha ajabu zaidi. Wanaanga wa Apollo walipopelekwa mwezini kati ya 1969 na 1972, sharti mojawapo la wanasayansi lilikuwa kwamba kila jiwe lijulikane lilikookotwa. Jiwe lisilo na anwani halina faida kubwa. Kwa hiyo waliandaliwa mifuko ya Teflon yenye namba, na katika safari tatu za mwisho, Apollo 15, 16 na 17, mifuko bapa 20 ilikusanywa kwenye kishikizo kilichoning'inia kwenye kamera ya Hasselblad iliyokuwa kifuani mwa mwanaanga. Alichomoa mmoja, akataja namba yake redioni, mwenzake akatia jiwe, kisha mdomo ukakunjwa na kubanwa. Hakukuwa na zipu, kwani glavu za mwanaanga hazina wepesi wa kubana ufito kwenye mfuo. Kishikizo chenyewe kilikuwa na tabia ya kuchomoka na kuanguka vumbini, jambo lililowaudhi wachukuzi wake. Hata hivyo utaratibu ulifaa. Kilo 382 za mawe na udongo zilifika Houston, sehemu kubwa ikiwa na kumbukumbu ya mahali ilipotoka, na nyingi bado zinatunzwa huko katika Kituo cha Anga cha Johnson.

Wanaanga wa leo hutumia mifuko ya zipu ya kawaida kwa wingi katika kituo cha anga za juu. Huko lakini hawaitundiki. Pasipo uzito hakuna chini, na kitu kisicho na chini hakining'inii. Mifuko hubandikwa ukutani.

Ikiwa Houston ndiyo iliyotoa plastiki, mji uliofanya biashara ya mahali pa kuiweka ni Dallas. Mwaka 1978 Kip Tindell, Garrett Boone na msanifu majengo John Mullen walifungua huko duka dogo la mita za mraba zipatazo 150, wakaliita The Container Store. Halikuuza chakula, nguo wala samani. Liliuza vitu vya kuwekea vitu. Sehemu kubwa ya bidhaa za kwanza zilikuwa za viwandani na maofisini, ambazo mama wa nyumbani hakuwahi kufikiri kuzinunua: kreti za maziwa, mapipa, na vikapu vya waya vya kampuni ya elfa kutoka Sweden. Majirani wa kibiashara waliona kichekesho kumuuzia mtu chombo kitupu. Hawakuwa wameangalia nyumba zilizokuwa zikijengwa kwenye tambarare za kaskazini mwa Texas, zenye stoo ya chakula unayoingia kwa miguu, jokofu la milango miwili jikoni na mara nyingi friza nyingine gerejini. Nyumba kama hiyo humruhusu mtu kununua kwa jumla, na anunuaye kwa jumla lazima agawe nyama na mboga kwenye mifuko.

Tawi la Houston ndilo lililoonyesha ukubwa wa njaa hiyo. Kwa simulizi ya waanzilishi wenyewe, duka lililofunguliwa huko mwaka 1988 lilifurika wateja kupita hesabu zote, hata wakalazimika kuandika kanuni za kuwaongoza wafanyakazi wapya, kwa kuwa hawakuweza tena kuwafundisha mmoja mmoja. Mwaka 1999 kampuni ilimnunua mwuzaji wake, elfa. Novemba 2013 iliingiza hisa zake kwenye Soko la Hisa la New York. Makao yake yako Coppell, jirani na uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth. Desemba 2024, ikiwa na maduka zaidi ya 100 na madeni mazito, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, ikatoka mwezi uliofuata. Vitundikio vya plastiki vilikuwa vimekwisha kuwa bidhaa ya kila duka, na ya kila muuzaji wa mtandaoni.

Chombo chenyewe hakina mvumbuzi mmoja anayetambulika na wote. Kina ndugu wengi wa zamani kidogo: faili za ofisini zinazoning'inia kwenye droo, mifuko ya viatu nyuma ya mlango, ubao wenye matundu wa karakana. Kilichobadilika ni kwamba mdomo wa mfuko wenyewe ukawa kulabu. Katika friza mapishi ya Texas yana njia nyingine, ambayo pengine ni bora. Chakula hutiwa mfukoni, hewa hutolewa, mfuko hulazwa ugande bapa kama kitabu, kisha husimamishwa safu kwa safu. Kutundika hufaa zaidi kwenye jokofu, penye vitu laini visivyopaswa kupondwa.

Houston ina sababu yake ya kutoipenda sana reli ndani ya friza. Wizara ya Kilimo ya Marekani hueleza kwamba umeme ukikatika, friza iliyojaa hushika baridi kwa takribani saa 48 isipofunguliwa, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Vitu vilivyoshikamana hupozana, na vilivyotenganishwa kwa hewa huyeyuka mapema. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwaacha gizani wateja zaidi ya milioni 2 wa umeme katika eneo hilo, wengine kwa siku kadhaa. Ndiyo maana kabla ya kimbunga watu hushusha mifuko na kuilundika pamoja, na hujaza mingine maji na kuigandisha ili kuziba nafasi. Mifuko mingine huwekewa vyeti na pasipoti dhidi ya mafuriko, na hapo ndipo inapostahili kutundikwa, juu kadiri inavyowezekana.

Katika miji hiyohiyo wanaishi Wakenya, Watanzania na familia za Wakongo waliopewa hifadhi ya ukimbizi Fort Worth na Houston. Jikoni mwa wasemaji wa Kiswahili mfuko wa zipu hubeba sukuma wiki iliyokatwa, sombe, chapati zilizotenganishwa kwa karatasi, samaki wa kipande kimoja kimoja. Mara nyingi mfuko mtupu huoshwa na kuning'inizwa ukauke, kazi ambayo mtengenezaji hakuikusudia ila kitundikio huifanya vizuri.

Desturi ya kutotupa mfuko ina sheria nyuma yake nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Dallas ilijaribu njia nyepesi zaidi, tozo ya senti 5 kwa kila mfuko wa dukani kuanzia Januari 2015, ikaifuta Juni mwaka huohuo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Texas ilitamka, katika shauri la mji wa Laredo, kwamba miji haina mamlaka ya kukataza mifuko hiyo. Tangazo la Tanzania kwa wasafiri lilibakiza tundu moja dogo: mfuko wa zipu wa kubebea vifaa vya usafi wa mwili, ule unaodaiwa kwenye viwanja vingi vya ndege tangu 2006 kwa ajili ya vimiminika visivyozidi mililita 100, uliruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba mgeni atabaki nao na kuondoka nao. Abiria anayetoka Houston kwenda Dar es Salaam anapaswa kurudi na mfuko uleule aliokwenda nao.