Kambare wa Juja

Nyumba ya kambare, husema Waswahili, haina mkubwa: baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto naye ana sharubu. Wacheke tu. Narmer, mmoja wa wafalme wa kwanza kutawala Misri nzima, yapata miaka 5,000 iliyopita, jina lake liliandikwa kwa picha ya kambare na patasi. Simba alikuwapo, mamba alikuwapo, akachukua kambare. Simlaumu. Huyu ni samaki ambaye maji yakichafuka hupanda juu akavuta hewa, kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia juu ya matamvua yake, na usiku wa mvua huweza kujikokota nyasini hadi dimbwi jingine.

Katika Mto Athi na vijito vyake vya Juja, nchini Kenya, aliishi bila bughudha, kwani Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Wazungu walikuwa na yao. Mwaka 1905 trauti waliletwa kutoka Uskoti wakatiwa katika mito ya Aberdare. Samaki wa maji baridi na safi, ambaye huku chini asingedumu. McMillan, tajiri wa Kimarekani, alimkaribisha Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, shambani kwake Juja mwaka 1909, wakawinda wanyama wakubwa.

Bahati ya kambare iligeuka na mabwawa. Kituo cha ufugaji wa samaki cha Sagana kilianzishwa 1948, lakini umaarufu ulikuja 2009, serikali ilipoanza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, kila moja mita za mraba 300. Ngege walipozaana hadi wakadumaa, kambare alitiwa humo awale vifaranga: askari wa bwawa. Kumzalisha ni kazi ya ukatili kidogo. Porini husubiri mafuriko ya masika. Kwenye kituo jike hudungwa homoni, mayai yakakamuliwa kwa mkono, na dume huchinjwa ili mbegu zake zipatikane.

Siku hizi Athi hupokea Mto Nairobi pamoja na taka za jiji kabla ya kufika maporomoko ya Fourteen Falls. Kambare huvumilia. Ila madini mazito anayoyavumilia hubaki mwilini mwake, na mlaji hana uvumilivu huo. Ukimwona sokoni Juja, muulize muuzaji kwanza: huyu ni wa bwawani au wa mtoni?