Bei Moja, Mizani Nyingi: Ushindani wa Biashara ya Pamba Usukumani

Somo letu la leo ni la historia, nalo linahusu ushindani katika biashara. Hatutakwenda mbali kutafuta mfano. Ninyi mlio Migato, pamoja na wenzenu wa Itilima na Bariadi, mnaishi katika nchi ya pamba, na ni pamba hiyo iliyowafundisha wazee wenu kushindana na matajiri.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Ushindani katika biashara ni watu kugombea wateja, au kugombea mali ya muuzaji. Mfanyabiashara mwenye busara hachukui kila njia inayopita mbele yake. Huchagua. Anaweza kupunguza gharama zake ili auze rahisi kuliko wengine. Anaweza kutoa kitu bora, au huduma ya kuaminika ambayo wengine hawaitoi. Tena anaweza kuchagua watu wachache, au mahali pamoja, akawahudumia hao vizuri kuliko mtu yeyote. Kabla ya kuchagua hujiuliza maswali mawili: Wenzangu wameacha pengo wapi? Nami nina nguvu gani ya kuliziba?

Sasa tuwatazame wakulima wa Jimbo la Ziwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkulima alibeba pamba yake mpaka penye soko la kununulia. Wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambulia pamba, wengi wao watu wa asili ya Kiasia, walikuwa na fedha, magari na mashine. Mkulima alikuwa na jembe na mzigo wake. Bei kwa ratili moja ilipangwa na Serikali kila msimu, kwa hiyo mnunuzi hakuweza kujipatia zaidi kwa kushusha bei waziwazi. Je, mtu asiye mwaminifu angejipatia zaidi kwa njia gani? Kwa mizani. Bei ilikuwa moja, lakini mizani zilikuwa nyingi, na mkulima asiyejua kusoma tarakimu hakuweza kujua mshale umesimama wapi.

Sikilizeni hesabu hii, nayo ni ya mfano tu. Mkulima ana ratili 400 za pamba. Bei ni senti 50 kwa ratili. Anastahili shilingi 200. Mizani ikiiba ratili moja katika kila ratili 20, mkulima anapoteza ratili 20, yaani shilingi 10. Zidisha hasara hiyo kwa majirani zake wote, nawe utaona ni fedha nyingi mno. Si kila mnunuzi aliyekuwa mwizi, lakini wakulima hawakuwa na njia ya kumtambua mwaminifu.

Hapo ndipo palipokuwa na pengo, na wakulima wakaliona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikundi vya wakulima vilianza kutumia mizani yao wenyewe. Pamba ilipimwa kwanza na mtu wao waliyemwamini, kisha ikapelekwa kwa mnunuzi. Hawakuwa na mtaji wa kununua pamba, wala hawakuwa na kiwanda. Walianza na kitu kimoja walichokiweza, ambacho kila mkulima alikihitaji: kipimo cha haki.

Mtu aliyeunganisha juhudi hizo ni Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Alipata kufanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Mwaka 1952 aliongoza kuanzishwa kwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa. Kuanzia mwaka 1953 vyama vya ushirika vya vijijini vikaanza kuandikishwa, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza.

Tazameni hatua zao. Kwanza walisimamia mizani. Kisha vyama vyao vikanunua pamba yenyewe. Halafu wakaingia katika uchambuaji, wakawa na viwanda vyao, ili faida ya kazi hiyo nayo iwarudie wakulima. Turudi kwenye mfano wetu. Chama kikimkata mkulima senti moja kwa ratili ili kuendesha kazi, ratili 400 zitamgharimu shilingi 4. Mizani ya wizi ilimgharimu shilingi 10. Hata baada ya kukatwa, anabaki na nafuu ya shilingi 6. Ndiyo sababu watu walijiunga kwa wingi. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya jimbo ilipita katika mikono ya ushirika, na Shirikisho likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Lakini historia haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo yenye funzo zito. Shirikisho lilipobaki mnunuzi wa pekee, mkulima hakuwa na mahali pengine pa kupeleka pamba yake. Wakati wa wanunuzi wengi, chama kilimpata kwa uaminifu wake. Sasa kilimpata kwa sababu hakuna mwingine. Baada ya Uhuru malalamiko yakaongezeka: gharama za uendeshaji, watumishi wengi, fedha kupotea, makato kuzidi. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kurudi.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Ushindani ukarudi kwa kishindo. Wengi walikimbilia kupata pamba nyingi upesi, bila kutazama ubora. Baadhi ya wakulima nao wakatia maji na mchanga ili mzigo uwe mzito. Ubora wa pamba ya Tanzania ukaharibika, na jina lake katika soko la dunia likashuka. Safari hii aliyedanganya kwenye mizani alikuwa pia muuzaji, na hasara ikawarudia wote.

Basi, wanafunzi, shikeni neno hili. Faida katika ushindani hupatikana kwa kuona pengo na kuliziba kwa kazi unayoiweza. Lakini faida hiyo haihifadhiki kwa kubaki peke yako sokoni. Huhifadhiwa na kile kile kilichoileta. Wazee wenu waliwashinda matajiri kwa kipimo cha haki. Kipimo kilipoacha kuangaliwa, wakulima walianza kupoteza tena.

Tangu msimu wa mwaka 2018, pamba imeuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika vya vijijini. Mwenye kujua kusoma na kuhesabu asikae nyuma siku ya kupima. Asome mizani, asome stakabadhi, aulize makato. Hapo ndipo kisomo kinapogeuka kuwa shilingi.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini wakulima walianza na mizani kabla ya viwanda?

2. Mkulima ana kilo 300 za pamba. Mizani ikiiba kilo moja katika kila kilo 20, atapoteza kilo ngapi? Zidisha kwa bei ya msimu huu.

3. Taja maduka mawili ya kijijini kwenu. Kila moja linavuta wateja kwa njia gani? Ukifungua la tatu, utaziba pengo gani?