Glida ya utafiti wa anga za juu: maandalizi ya kuisafirisha nje ya nchi

Glida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa na ndege nyingine, huachiliwa ikiwa juu, kisha hupanda kwa kutumia hewa inayoinuka. Glida za utafiti hubeba marubani na vipimo vya hali ya hewa, na mara nyingi huruka mbali na nchi zilikotengenezwa. Kwa msafirishaji huu ni mzigo wa aina yake: mrefu, mwepesi, wa thamani kubwa, tena ni lazima urudi ulikotoka.

Mfano wa Perlan

Mfano unaojulikana zaidi ni mradi wa Perlan wa Marekani. Glida yake ya kwanza ilijaribiwa New Zealand kabla ya kupelekwa El Calafate, kusini mwa Argentina. Huko, Agosti 2006, Steve Fossett na Einar Enevoldson walifika mita 15,460.

Glida ya pili, Perlan 2, iliruka kwa mara ya kwanza Redmond, Oregon, Septemba 2015. Ilipelekwa El Calafate mwaka 2016, lakini msimu ukaisha bila rekodi. Ilibidi kusubiri hadi Septemba 2017 ilipofika mita 15,902. Septemba 2018, ikirushwa na Jim Payne na Tim Gardner, ilifika mita 22,657.

Msimu hausubiri meli

Upepo wa magharibi ukigonga milima ya Andes huzua mawimbi ya hewa. Wakati wa baridi ya kusini, upepo mkali unaozunguka eneo la ncha ya kusini huyawezesha mawimbi hayo kupanda hadi tabaka la stratosfia. Miezi inayofaa zaidi ni Agosti na Septemba.

Kwa hiyo hesabu huanzia mwisho: siku ya kuruka, kurudi nyuma hadi kuunganisha ndege, kutoa mzigo forodhani, safari ya meli na kufungasha. Kontena likikwama bandarini wiki tatu, hasara haiishii kwenye tozo za kuhifadhi mzigo. Mwaka mzima unaweza kupotea.

Kufungua na kufungasha

Mabawa ya Perlan 2 yakiunganishwa yana upana wa mita 25 na zaidi. Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12 hivi, na mlango wake una upana wa mita 2.3. Nusu ya bawa ikiwa kipande kimoja haiingii. Glida kubwa huundwa kwa mabawa yanayofunguliwa vipande vipande.

Kila kipande huwekwa kwenye kitanda chake chenye sponji, kikashikiliwa sehemu zile tu ambazo mtengenezaji ameruhusu. Mikanda haikazwi juu ya ngozi ya bawa. Mambo mengine ya kuzingatia:

- Mbao za kufungashia ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi katikati ya ubao, na ziwe na muhuri wa kimataifa. Plaiwudi haidaiwi muhuri huo.
- Vifuko vya kunyonya unyevu viwekwe ndani, kwani kontena linalovuka ikweta hutokwa jasho.
- Glida nyingi za nyuzi na gundi huidhinishwa kwa joto la nyuzi 54 tu. Ombeni kontena lipangwe chini ya sitaha, lisikae juani.
- Tangu Julai 1, 2016, kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipakiwi melini, hata likiwa jepesi.

Mizigo hatari

Mitungi ya oksijeni iliyoshindiliwa na betri za lithiamu ni mizigo hatari yenye namba za Umoja wa Mataifa: UN1072 kwa oksijeni, UN3480 kwa betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake. Zisifichwe ndani ya ndege. Ni nafuu kutuma mitungi mitupu na kujaza huko, ila kwanza hakikisheni kwamba viunganishi vya huko vinaoana.

Hati za kwenda na kurudi

Glida huingia nchi ya ugenini kama mzigo wa muda, si bidhaa ya kuuzwa. Kati ya nchi zinazotambua hati ya ATA, kama Marekani na New Zealand, hati hiyo moja hutosha kwa kutoka, kuingia na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Kwingineko huwekwa dhamana forodhani.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaujua utaratibu huo. Kifungu cha 117 cha sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 kinaruhusu bidhaa kuingia kwa muda bila ushuru, kwa masharti na dhamana, kwa kipindi kisichozidi miezi 12.

Penye matatizo zaidi ni orodha ya mzigo. Kila chombo kiandikwe kwa jina, namba ya utambulisho, thamani na sanduku kilimo. Kifaa kilichoingia bila namba huwa vigumu kukithibitisha wakati wa kutoka, na dhamana inaweza kushikiliwa kwa ajili yake. Kilichotumika au kuharibika nacho kitolewe maelezo kabla ya kurudi.

Njia ya mwisho

Kutoka Buenos Aires hadi El Calafate kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,500. Bandari ya Punta Arenas iko karibu zaidi, lakini iko Chile, hivyo mzigo huwa wa kupita nchi moja kwenda nyingine, kama kontena la Kampala linaloshushwa Mombasa. Anayefupisha barabara anaongeza mpaka, hivyo alinganishe siku kabla ya kulinganisha bei.

Kabla ya kufunga mlango wa kontena

- Pini za mabawa na vifaa vya kuunganishia viko ndani, na viwili viwili pale inapowezekana.
- Picha za kila kipande zimepigwa na kuwekwa tarehe, kwa ajili ya bima.
- Nakala za hati ziko kwa wakala wa kule kabla meli haijafika.
- Nafasi ya meli ya kurudi imeulizwa, na siku ya mwisho ya dhamana inajulikana.

Pini moja iliyosahaulika nyumbani huiacha ndege nzima chini, na pini hiyo ikitumwa baadaye nayo hupita forodhani.