Sisimizi Wanaolazwa Kwenye Friji na Sisimizi Wenye Ghala

Tangu ile kesi ya malkia wa sisimizi ya mwaka 2025 nchini Kenya, swali ninaloulizwa sana na wakulima na wachuuzi ni hili: mtu ananunua sisimizi ili amfanyie nini? Jibu fupi ni kwamba anamfuga, kama wewe unavyofuga nyuki, ila yeye hapati asali. Anatazama tu. Jibu refu lina historia ndani yake, na historia hiyo inapita kwenye ghala la nafaka, kwa hiyo inatuhusu.

Tuanze na friji. Kaskazini mwa Ulaya mfugaji huanza na sisimizi mweusi wa bustanini, ambaye wataalamu humwita Lasius niger. Ikifika Oktoba, kundi hupunguza kula lenyewe. Mfugaji huondoa mabaki ya chakula yasije yakaota ukungu, huhakikisha mrija wao wa kioo una maji ya kutosha nyuma ya kizibo cha pamba, kisha hushusha joto polepole kwa wiki mbili au tatu hadi nyuzi 5 au 8 hivi. Wengi huwaweka kwenye friji ya jikoni, jirani na maziwa. Huko hukaa karibu miezi minne, wamekusanyika rundo moja kumzunguka malkia, hawatembei na hawali, wakiishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Kazi ya mfugaji ni kuchungulia kila baada ya wiki moja au mbili kama maji yapo. Mwezi wa tatu anawarudisha kwenye joto, polepole vilevile. Anayewahurumia akawaacha sebuleni kwenye joto mwaka mzima huwadhuru: kundi huchoka na malkia hutaga vibaya msimu unaofuata.

Katika maelezo yote hayo hamna ghala. Sisimizi wa kaskazini hana punje hata moja ya akiba, kwa sababu aliyelala hali. Jambo hilo dogo liliwagombanisha wasomi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Watu wa kale wa nchi za joto walijua kwamba sisimizi huweka nafaka. Kitabu cha Mithali kinamsifu kwa kukusanya chakula wakati wa mavuno, na hadithi za Aesopo za Wagiriki zinasema hivyohivyo. Wayahudi walilitungia hata sheria. Katika Mishna, mkusanyo wao wa sheria wa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, imo kanuni ya nafaka inayokutwa kwenye mashimo ya sisimizi shambani. Kama shamba halijavunwa, nafaka hiyo ni ya mwenye shamba. Kama wavunaji wamekwisha kupita, ya juu ni ya maskini na ya chini ni ya mwenye shamba. Naye Rabi Meir akasema yote iwe ya maskini, maana penye shaka apewe maskini. Mimi naona hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Watu hawagombanii kisheria kitu ambacho hakipo, wala hawagawani punje tatu.

Lakini mwaka 1747 Mwingereza William Gould alitoa kitabu kuhusu sisimizi wa kwao. Alikuwa amefukua viota wakati wa baridi, akakuta wadudu wamepooza na hakuna nafaka. Hakukosea kuhusu alichokiona. Waliomfuata, akiwemo Mswisi Pierre Huber mwaka 1810, waliona yaleyale, na taratibu wasomi wa kaskazini wakahitimisha kwamba wazee wa zamani walichanganya mambo: waliona sisimizi wamebeba mabuu meupe wakadhani ni punje za ngano. Yaani wakulima wa nchi za joto, walioishi na mdudu huyo shambani maelfu ya miaka, wakaambiwa hawajui tofauti ya mtoto wa sisimizi na mbegu. Mwaka 1829 afisa mmoja wa Kiingereza, Sykes, aliona huko Poona nchini India sisimizi wakitoa mbegu za majani na kuzianika baada ya mvua. Habari hiyo haikuwashtua wengi.

Aliyemaliza ubishi alikuwa mgonjwa. John Traherne Moggridge, kijana Mwingereza mwenye ugonjwa wa mapafu, alikuwa akihamia Menton, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, kila majira ya baridi ili kuikimbia baridi ya kwao. Kwa hiyo yeye alikuwepo Menton hasa katika miezi ambayo wenzake walikuwa wakitazama viota vilivyolala. Akaona misafara ya sisimizi wakibeba mbegu katikati ya majira ya baridi. Akachimba, akakuta vyumba vimejaa mbegu, sakafu imesawazishwa vizuri. Aina hiyo leo inaitwa Messor, jina la Kilatini lenye maana ya mvunaji.

Sehemu ya kazi yake ninayoipenda ni hii, maana ndiyo taabu yetu sote wenye vihenge. Mbegu zile zilikuwa ardhini penye unyevu, lakini hazikuota. Moggridge alipowazuia sisimizi wasifikie ghala, mbegu zilianza kuota. Maana yake zilikuwa hai, na kilichozizuia kilikuwa uangalizi. Punje chache zilizochipua ghalani aliona zimekatwa kimzizi kwa meno, na baada ya mvua aliona mbegu zilizolowa zikitolewa nje kuanikwa juani, kisha zikirudishwa ndani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Mwaka uliofuata alifariki hukohuko Menton, akiwa na miaka 32.

Baada ya hapo ufugaji ukapata heshima. John Lubbock, mwenye benki na mbunge wa Uingereza (huyohuyo aliyewapatia Waingereza sikukuu za kufunga benki kwa sheria ya mwaka 1871), alifuga sisimizi nyumbani kati ya vioo viwili vyenye udongo. Malkia wake mmoja aliishi kuanzia mwaka 1874 hadi 1888. Miaka karibu 14 kwa mdudu! Mbwa wengi hawafiki. Biashara ya kichezeo ilikuja mwaka 1956, pale Milton Levine wa Marekani alipoanza kuuza kisanduku cha plastiki cha kutazamia sisimizi. Visanduku hivyo vilikwenda bila malkia, kwa kuwa sheria ya huko hairuhusu kusafirisha malkia kutoka jimbo hadi jimbo bila kibali.

Sasa tufike kwetu. Messor wapo pia Afrika Mashariki, na mkubwa wao, Messor cephalotes, ndiye aliyetafutwa Kenya. Kwa mfugaji wa Ulaya ana sifa mbili: ni mkubwa, mwekundu na wa kupendeza, na kwa kuwa ametoka penye joto, halazwi kwenye friji. Ukimlaza humo unamuua. Mwezi wa kwanza, kundi la bustanini likiwa limelala, huyu bado anatwanga mbegu mbele ya macho ya mwenyewe. Ndiyo maana huko Uingereza malkia mmoja ametajiwa bei ya hadi pauni 170.

Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, kila mmoja ana miaka 19, walikamatwa kaunti ya Nakuru na sisimizi wapatao 5,000, wamefungwa kwenye mirija yenye pamba, ufungaji uleule wa kulazia niliokueleza hapo juu. Wengine wawili, mmoja Mkenya, walikamatwa na 400. Mei, mahakama iliwahukumu wote wanne sawa: faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mtu, au kifungo cha miezi 12. Aliyekuwa na 400 hakupata nafuu kwa uchache wake. Kenya mdudu naye ni mnyamapori kisheria, na kumkusanya bila kibali ni kosa.

Kwa hiyo ukifuatwa na mnunuzi msimu wa mvua, malkia wenye mabawa wanaporuka, omba kwanza uone kibali cha mamlaka ya wanyamapori chenye jina lake. Hana? Usimwokotee hata mmoja. Yeye ana tiketi ya ndege, wewe unakaa palepale. Na kila malkia anayechukuliwa ni kichuguu kizima ambacho hakitaanzishwa, cha wadudu wanaosambaza mbegu za majani ya malisho na kulegeza udongo.

Najua wengine mtaniambia ni wezi wa mbegu. Kweli, wanaiba. Ukiona maganda makavu yamerundikwa kuzunguka tundu karibu na shamba la ulezi, mtama au ufuta, hilo ni jalala lao na ghala liko chini yake. Wao huokota hasa zilizo juu ya ardhi. Usimwage mbegu jioni ukaziacha hadi kesho. Zifukie siku hiyohiyo, na upande wenye tundu uwe wa kwanza kufukiwa.