Msomaji Anayejibu: Riwaya ya Kisayansi na Desturi ya Kujibizana Katika Tanzania ya Kati

Dai kwamba Kiswahili hakina riwaya ya kisayansi, yaani riwaya inayojenga ulimwengu wake juu ya jambo ambalo sayansi imelithibitisha au inalikisia, limerudiwa mpaka limeonekana halihitaji ushahidi. Wanaolitoa hutaja uchache wa istilahi, au hulka ya msomaji anayesemekana kupenda mapenzi na upelelezi tu. Makala hii inazikataa sababu zote mbili. Kinachokosekana ni majibizano, kwa kuwa mtunzi wa Kiswahili, hasa anayejichapishia kwa fedha zake, mara chache huhojiwa na wasomaji wake kazi ikiwa bado mbichi.

Kwamba vitabu vipo halina mjadala. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi alimrusha Dzombo angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua, akafika kwenye jamii isiyo na dhuluma. Na mwaka 2017 Alena Rettová alizisoma riwaya za Kiswahili sambamba na za Kishona kama maandishi ya wakati ujao. Tatizo liko kwenye uhakiki, ambao mara nyingi hukigeuza chombo hicho kuwa istiara ya utawala dhalimu kisha ukaridhika. Istiara ipo, lakini msomaji anayetaka kujua chombo kinaendeshwaje, na abiria wake anapumua nini, huhesabiwa kuwa hajaelewa fasihi, ilhali swali lake ndilo linaloitofautisha riwaya ya kisayansi na ngano.

Kwingineko swali la namna hiyo limejenga kitabu. Mmarekani Andy Weir alianza mwaka 2009 kuitoa The Martian sura baada ya sura, bila mchapishaji, na wasomaji waliojua kemia walimrekebisha naye akasahihisha. Hata hivyo hakuwatii katika kila jambo: dhoruba inayofungua kisa aliiacha, ingawa alijua kwamba hewa ya Mirihi ni nyepesi mno kuweza kuangusha mitambo.

Je, desturi hiyo ni ngeni huku? Ushahidi mzito zaidi unatoka Ihumwa, Dodoma, alikozaliwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeukuza utanzu wa ngonjera, yaani shairi ambalo wahusika wawili au zaidi hulumbana mbele ya hadhira mpaka wafikie mwafaka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na baada ya Mwalimu Nyerere kuwaomba washairi mwaka 1968 walieneze, ngonjera zilifika shuleni kwa kasi ambayo riwaya haijapata kuifikia, ingawa Mnyampala mwenyewe alifariki mwaka 1969. Nyuma ya ngonjera kulikuwa na desturi pana zaidi ya malumbano ya magazetini, likiwemo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, ambamo mshairi alitupa hoja akijua atajibiwa. Jambo lisilotiliwa maanani ni kwamba anayejibu katika malumbano hufungwa na kanuni za aliyeanza, kwani kwa kawaida hutakiwa kufuata bahari, vina na mizani zilezile, na akishindwa hoja yake huanguka hata kama ni ya kweli. Msomaji wa riwaya ya kisayansi hufanya vivyo hivyo: hukubali sharti la mtunzi, kama lile la Weir kwamba mtu ameachwa peke yake Mirihi, kisha humbana kwa sharti hilohilo. Kwa hiyo stadi ya kusoma riwaya ya namna hii ilikuwepo uwandani kabla ya riwaya yenyewe.

Itapingwa kwamba ngonjera ilikuwa chombo cha siasa, ambamo mjinga aliandikiwa kushindwa tangu ubeti wa kwanza. Pingamizi hilo ni la haki, na linaeleza kwa nini utanzu huo ulichujuka; ila linaihusu ngonjera ya jukwaani zaidi kuliko malumbano, ambayo hakuna aliyeyapangia mwisho.

Mfano wa kubuni utaonyesha kinachopotea. Mtunzi akiiandika Dodoma ya mwaka 2100 yenye minara na bustani, mkazi wa Dodoma atauliza kwanza maji yanatoka wapi. Visima vya Makutupora, vinavyoilisha Dodoma maji, vimepimwa kina cha maji kwa zaidi ya nusu karne, na uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ile ya El Niño, huku miaka mingi ikipita bila kuongeza kitu. Hapo pana kisa kizima: mji unaoombea mafuriko.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, huupeleka mswada kwa majaji, na ushindi huufungulia njia ya uchapaji na ya shule. Ni hatua njema, lakini jaji hutoa alama bila kumuuliza mtunzi chochote. Iwapo miswada ya kisayansi ingesomwa kwanza hadharani, tuseme Chuo Kikuu cha Dodoma, mbele ya mtunzi, mafundi wa pampu na wanafunzi wa jiolojia, huenda muongo mmoja ungetosha kukipa Kiswahili riwaya za kisayansi ambazo wahakiki wanadai haziwezi kuandikwa.